Vyeti vya kawi safi: Hati inayoyapa majengo ya ng'ambo sifa ya kijani

Na MWANDISHI WETU

JENGO maarufu la Empire State jijini New York, Marekani, lilifunguliwa mwaka wa 1931 na kwa miaka mingi lilikuwa ndilo refu zaidi ulimwenguni. Mnamo Januari 2011, wenye jengo hilo la ghorofa 102 walitangaza kwamba umeme wote linaotumia, uliokadiriwa kuwa kilowati-saa milioni 55 kwa mwaka, ungetokana na upepo.

Aliyezuru jengo hilo siku iliyofuata hakuona tofauti yoyote. Hapakuwa na mtambo wa upepo uliosimikwa kileleni, wala hapakuwa na nyaya mpya zilizovutwa kutoka mashambani hadi katikati ya jiji. Nyaya zilikuwa zile zile, mita zile zile, na mitambo inayozalisha umeme wa New York, mingine ikichoma gesi, iliendelea kunguruma kama kawaida.

Kilichobadilika ni hati. Wenye jengo walikuwa wametia saini mkataba wa miaka miwili na kampuni ya Green Mountain Energy, ambao uliwapa vyeti vya kuthibitisha kwamba kiasi hicho cha umeme kilizalishwa kwa upepo mahali fulani na kuingizwa katika gridi.

Vyeti vya aina hiyo, ambavyo kwa Kiswahili tunaweza kuviita vyeti vya kawi safi, sasa ni bidhaa inayouzwa na kununuliwa katika mataifa mengi. Wasanifu majengo, wawekezaji na mashirika makubwa huvitumia kujipatia sifa ya kumiliki 'jengo la kijani', yaani jengo lisiloharibu mazingira.

Hata hivyo, kuna swali moja ambalo limezua mjadala kwa zaidi ya miaka 20: Je, anayenunua cheti hupunguza moshi unaochafua hewa, au hujinunulia jina zuri tu?

Umeme hauna rangi

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuelewa kwa nini vyeti hivi vilibuniwa.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji. Kila alfajiri, wakulima mia moja huleta maziwa yao na kuyamimina katika tangi moja. Mmoja kati yao hulisha ng'ombe wake nyasi zisizonyunyiziwa dawa, ilhali wengine hutumia dawa. Maziwa yakishachanganyika, hakuna mja anayeweza kuchota kikombe na kusema kwa yakini kwamba ametoa yale ya mkulima yule mmoja.

Gridi ya umeme ni kama tangi hilo. Umeme wa upepo, wa jua, wa maji, wa gesi na wa makaa ya mawe huingia katika nyaya zile zile. Anayewasha taa hawezi kuchagua umeme uliotoka katika mtambo anaoupenda.

Sasa tuseme chama kile kimeamua kumpa mkulima yule risiti inayosema: "Lita 20 za maziwa yasiyo na dawa ziliingizwa katika tangi leo." Mnunuzi anayetaka kuunga mkono ufugaji huo anaweza kuinunua risiti kwa bei ya ziada, hata kama kikombe anachokunywa kina mchanganyiko. Mkulima naye, akishaiuza risiti hiyo, hana tena haki ya kujigamba kwa wateja wengine kwamba maziwa yake ni ya pekee. Ameiuza sifa hiyo.

Hivyo ndivyo cheti cha kawi safi kinavyofanya kazi. Mwenye mtambo wa upepo au wa jua huwa na bidhaa mbili za kuuza. Ya kwanza ni umeme wenyewe, unaokwenda katika gridi. Ya pili ni sifa ya usafi wa umeme huo, inayowekwa katika cheti. Bidhaa hizo mbili zinaweza kuuzwa kwa watu wawili tofauti, walio umbali wa maelfu ya kilomita.

Cheti kimoja, megawati-saa moja

Katika masoko mengi duniani, cheti kimoja huwakilisha megawati-saa moja ya umeme, ambayo ni sawa na kilowati-saa 1,000, zile ambazo Mkenya wa kawaida huziita yuniti. Kwa hivyo, jengo la Empire State lilihitaji takriban vyeti 55,000 kila mwaka.

Cheti huwa na nambari yake ya kipekee. Huonyesha mtambo uliozalisha umeme, mahali ulipo, aina ya kawi iliyotumika, tarehe ya uzalishaji na mara nyingi mwaka ambao mtambo ulianza kufanya kazi. Siku hizi si karatasi ya kushikwa mkononi bali ni rekodi katika rejista ya kompyuta. Mnunuzi wa mwisho anapodai kwamba ametumia umeme huo, cheti hufutwa katika rejista ili kisiuzwe tena kwa mtu mwingine.

Mfumo huu ulipata nguvu Marekani mwishoni mwa miaka ya tisini. Mnamo 1999, jimbo la Texas lilipitisha sheria iliyotaka megawati 2,000 za mitambo mipya ya kawi safi ziwe zimejengwa kufikia mwaka wa 2009. Kampuni za umeme zilitakiwa kuonyesha vyeti kama ithibati kwamba zimetimiza sehemu yao. Lengo hilo lilifikiwa miaka kadhaa kabla ya muda uliowekwa.

Katika Bara Ulaya, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2001 liliyataka mataifa wanachama yawe na hati za kuthibitisha asili ya umeme. Mataifa ambayo hayana mfumo wao wenyewe, mengi yakiwa Afrika, Asia na Amerika Kusini, yalipata njia kupitia mpango wa kimataifa uitwao I-REC, unaosimamiwa na wakfu ulioko Uholanzi.

Yafaa pia kutofautisha vyeti hivi na biashara ya hewa kaa ambayo Wakenya wameisikia sana tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2023. Biashara ya hewa kaa huhesabu tani za gesi ambazo hazikuingia angani, au zilizoondolewa humo. Cheti cha kawi safi huhesabu umeme uliozalishwa. Anayevichanganya viwili hivi huwa anapima kitambaa kwa kibaba.

Alama za jengo la kijani

Soko la vyeti lisingepanuka kama ilivyotokea pasipo sekta ya ujenzi. Mwaka wa 1993, Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani liliundwa, na miaka michache baadaye likaanzisha mfumo wa kuyapima majengo unaojulikana kama LEED. Uingereza ilikuwa imetangulia mwaka wa 1990 kwa kuanzisha mfumo wake, BREEAM.

Chini ya LEED, jengo hupewa alama kwa mambo mengi: jinsi linavyohifadhi maji, vifaa vilivyotumika kulijenga, mwangaza wa jua ndani ya vyumba, ukaribu wake na usafiri wa umma na, zaidi ya yote, matumizi ya kawi. Tangu toleo la mwaka wa 2009, jengo lenye alama 40 hupata cheti cha kawaida, 50 hulipa daraja ya fedha, 60 ya dhahabu na 80 ya platinamu.

Vyeti vya kawi safi viliingizwa katika orodha hiyo kama njia mojawapo ya kujipatia alama. Katika toleo la 2009, mwenye jengo jipya aliyenunua kawi safi inayotosha asilimia 35 ya umeme wa jengo lake kwa miaka miwili alipata alama mbili.

Toleo lililozinduliwa mwaka wa 2013 lilikaza masharti. Alama moja ilihitaji mkataba wa kugharamia asilimia 50 ya kawi yote ya jengo, na alama mbili zilihitaji asilimia 100. Mkataba ulipaswa kudumu kwa angalau miaka mitano, na kawi hiyo ilitakiwa kutoka katika mitambo iliyoanza kazi baada ya Januari 1, 2005. Aidha, vyeti vilipaswa kuwa vimeidhinishwa na Green-e, mpango wa ukaguzi ulioanzishwa mwaka wa 1997 jijini San Francisco, au na mpango mwingine wa kiwango hicho.

Alama mbili zaweza kuonekana chache. Lakini jengo lenye alama 58 likizipata, hupanda kutoka daraja ya fedha hadi ya dhahabu. Daraja hiyo huwavutia wapangaji wenye fedha, hasa mashirika ya kimataifa ambayo yamejiwekea masharti ya kutokodi ofisi katika majengo yasiyo na sifa hizo.

Hesabu ya mwenye jengo

Tuseme jengo la ofisi linatumia kilowati-saa milioni mbili kwa mwaka, na kawi yake yote ni umeme. Likitaka kugharamia asilimia 100, litahitaji vyeti 2,000 kila mwaka. Kwa miaka mitano, hivyo ni vyeti 10,000.

Kwa muda mrefu katika mwongo uliopita, cheti cha kawaida katika soko la hiari la Marekani kiliuzwa kwa chini ya dola moja. Kwa bei ya dola moja, mwenye jengo angetumia dola 10,000 kwa miaka yote mitano. Mnamo 2021 bei ilipanda hadi karibu dola saba. Kwa bei hiyo, vyeti vile vile vingemgharimu dola 70,000.

Linganisha sasa na gharama ya kubadilisha madirisha yote, kuweka mitambo mipya ya kupoza hewa au kufunika paa kwa paneli za jua. Si ajabu basi kwamba baadhi ya wanakandarasi huliacha suala la vyeti hadi mwisho wa mradi, wanapogundua kwamba wamepungukiwa na alama moja au mbili.

Bei hutofautiana mno kutegemea mahali na sheria. Katika jiji la Washington, ambako kampuni za umeme hulazimishwa na sheria kuwa na kiasi fulani cha umeme wa jua unaozalishwa papo hapo, cheti kimoja cha jua kimewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 400. Megawati-saa ni ile ile, lakini penye sheria kali na uhaba, bei hupaa. Penye hiari na wingi, bei huporomoka.

Jengo liko huku, cheti kitoke wapi?

Utata mkubwa hujitokeza pale mradi unapokuwa nje ya Marekani. LEED sasa inatumika katika mataifa mengi, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Je, mnara unaojengwa Dubai, Istanbul au Nairobi ununue vyeti vya upepo wa Texas kwa sababu tu ni rahisi kupatikana na vimekaguliwa?

Kwa mtazamo wa anayetafuta alama, jibu laweza kuwa ndiyo, mradi kanuni za mfumo anaoutumia zinaruhusu. Kwa mtazamo wa anayehesabu moshi, jibu ni tofauti. Umeme wa Texas hauwezi kufika Dubai. Gridi hizo mbili hazijaunganishwa, na mtambo wa gesi unaoiwashia Dubai taa hautapunguza kasi kwa sababu upepo umevuma Texas.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi chafu zitokanazo na umeme, uliotolewa mwaka wa 2015 na wasimamizi wa Itifaki ya Gesi Chafu, ulisema kampuni yafaa kutumia vyeti vinavyotoka katika soko lile lile ambamo inatumia umeme. Mashirika yaliyojiunga na mpango wa RE100, ulioanzishwa mwaka wa 2014 kuyahimiza yatumie kawi safi pekee, nayo yamewekewa mipaka ya aina hiyo.

Kwa hivyo, mradi ulioko India hutarajiwa kutafuta vyeti vya India, ambavyo vina soko lake tangu 2010. Ulioko Uchina una vyeti vya nchi hiyo, vilivyoanza kutolewa mwaka wa 2017. Ulioko katika taifa lisilo na mfumo wake hutazama kwanza kama vyeti vya I-REC vinatolewa humo. Green-e yenyewe ilitambua pengo hilo na baadaye ikaandaa viwango vya mataifa kama Chile, Singapore na Taiwan.

Hata mpaka wa soko ukizingatiwa, mambo hayanyooki. Norway huzalisha karibu umeme wake wote kwa maji na upepo, lakini vyeti vingi huuzwa kwa wateja wa mataifa mengine ya Ulaya. Matokeo yake ni kwamba mwananchi wa Norway asiyenunua vyeti huhesabiwa katika taarifa rasmi kama mtumiaji wa umeme ambao sehemu yake kubwa ni ya makaa, gesi na nyuklia, ingawa maporomoko ya maji yamo mlangoni pake.

Iceland nayo ni kisiwa kisicho na waya wa umeme unaokiunganisha na bara. Licha ya hayo, vyeti vyake vilikuwa vikiuzwa Ulaya. Mnamo 2023, shirika linalosimamia rejista za Ulaya lilisimamisha kwa muda uuzaji huo baada ya kutokea wasiwasi kwamba viwanda vikubwa nchini humo vilikuwa vikidai kutumia umeme safi ambao vyeti vyake tayari vilikuwa vimeuzwa ng'ambo. Risiti moja ilikuwa ikijigambiwa na watu wawili.

Kauli za wakosoaji

Mmoja wa waliotilia shaka vyeti hivi mapema ni Auden Schendler, aliyekuwa msimamizi wa masuala ya mazingira katika kampuni ya Aspen Skiing huko Colorado. Mwaka wa 2006, kampuni hiyo ilinunua vyeti vya kufidia umeme wake wote na ikasifiwa kote. Mwaka uliofuata, Schendler alijitokeza hadharani na kueleza kwamba fedha zilizotumika zilikuwa kidogo mno kuweza kumfanya mtu yeyote ajenge mtambo mpya wa upepo.

Hoja yake ni rahisi kuielewa. Anayejenga mtambo wa mamilioni ya dola hukopa benki. Benki hutaka kuona mkataba wa kuuza umeme kwa miaka 15 au 20, kwa bei inayojulikana. Matarajio ya kuuza vyeti kwa dola moja kimoja, kwa mnunuzi wa mwaka mmoja anayeweza kutoweka kesho, hayawezi kuidhaminia benki mkopo. Mtambo ungejengwa hata bila vyeti hivyo, na moshi ungepungua kwa kiasi kile kile.

Mnamo 2022, watafiti wakiongozwa na Anders Bjørn wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature Climate Change. Walizichambua kampuni 115 zilizokuwa zimejiwekea malengo ya kupunguza gesi chafu. Kwa pamoja, kampuni hizo zilikuwa zimeripoti kwamba gesi zitokanazo na kawi waliyonunua zilipungua kwa asilimia 31 kati ya 2015 na 2019. Watafiti walipoviondoa vyeti katika hesabu, upungufu ulikuwa asilimia 10 pekee.

Watetezi wa vyeti hawakosi la kusema. Wanahoji kwamba bila hati za aina hii, hakuna njia ya kujua nani ametumia kawi ipi, na kila kampuni ingejisifu itakavyo. Wanaongeza kwamba wanunuzi wakiwa wengi, bei hupanda na wajenzi wa mitambo hupata mapato ya ziada. Mfano wa Texas unaonyesha kwamba cheti kikiwa na sheria nyuma yake, huweza kusaidia kuleta mitambo mipya.

Kwa hakika, hata jengo la Empire State halikutegemea hati peke yake. Ukarabati wake ulihusisha kuboresha madirisha yapatayo 6,500 na kurekebisha mitambo ya joto na ubaridi, na ulinuiwa kupunguza matumizi ya kawi kwa asilimia 38. Umeme usiotumika kabisa hauhitaji cheti.

New York yakaza kamba

Pengine somo kubwa zaidi linatoka katika jiji hilo hilo. Mwaka wa 2019, baraza la jiji la New York lilipitisha Sheria Nambari 97, inayoweka kiwango cha juu cha gesi chafu kwa majengo mengi yenye ukubwa wa zaidi ya futi mraba 25,000. Kiwango cha kwanza kilianza kutumika mwaka wa 2024, na kikali zaidi kimepangiwa kuanza 2030. Anayepitisha kiwango hutozwa faini ya dola 268 kwa kila tani iliyozidi, kila mwaka.

Wenye majengo waliuliza mara moja: Je, tunaweza kununua vyeti badala ya kukarabati? Sheria iliruhusu, lakini kwa mipaka. Umeme uliozaa cheti ni sharti uzalishwe ndani ya jiji au uwe unafikishwa moja kwa moja katika eneo la gridi linalolihudumia jiji. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2023 ziliongeza kwamba cheti chaweza kufidia gesi zitokanazo na umeme pekee, wala si moshi wa gesi au mafuta yanayochomwa katika matangi ya kupasha jengo joto.

Kwa maneno mengine, cheti cha dola moja kutoka nyanda za Texas, ambacho kingeweza kuliletea jengo alama na sifa, hakiwezi kuliokoa kutokana na faini. Hapo ndipo tofauti kati ya jina na kazi inapojitokeza wazi.

Mjadala umefika pia katika ngazi ya kimataifa. Oktoba 2025, wasimamizi wa Itifaki ya Gesi Chafu waliuomba umma utoe maoni kuhusu pendekezo kwamba vyeti vilinganishwe na matumizi saa kwa saa, na vitoke katika gridi inayoweza kweli kumfikishia mtumiaji umeme huo. Chini ya pendekezo hilo, jengo linalowasha taa saa tatu usiku halingeweza kujitetea kwa cheti cha umeme wa jua la adhuhuri.

Taa za Goma

Si kila cheti kinachouzwa mbali na mnunuzi ni cha kubezwa. Mwaka wa 2020, kampuni ya Microsoft ilinunua vyeti vya umeme wa jua kutoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Vilitokana na mtambo wa megawati 1.3 uliojengwa mjini Goma na kampuni iitwayo Nuru, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa.

Vyeti hivyo vilitengenezwa chini ya mpango wa shirika la Energy Peace Partners, unaolenga maeneo yaliyokumbwa na vita. Mapato yake yalisaidia kuweka taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho, ambako giza la usiku lilikuwa mwanya kwa wahalifu.

Mnunuzi hakupata umeme wa Goma, na hakuna atakayedai kwamba ulifika Marekani. Lakini fedha zake zilionekana: nguzo zilisimikwa na taa zikawaka mahali ambapo hapakuwa na chochote. Tofauti kati ya ununuzi huo na ule wa vyeti vya mtambo wa zamani uliokwisha kulipia gharama zake ni kama ya mtu anayechangia kuchimba kisima kipya na yule anayelipa ili jina lake liandikwe kwenye kisima kilichochimbwa na babu zake jirani.

Kenya na sifa yake

Kenya ina sababu ya kuufuatilia mjadala huu. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Visima vya Olkaria karibu na Naivasha na mitambo 365 ya upepo katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, ni mali ambayo mataifa mengi yanaionea gere.

Jambo hilo lina pande mbili. Mwenye jengo jijini Nairobi anayenunua vyeti vya humu nchini hapunguzi moshi mwingi, kwani gridi anayoitumia tayari ni safi kuliko ya mataifa mengi. Fedha hizo huenda zingefanya kazi bora zaidi zikitumika kuweka paneli juu ya paa, au kuondoa jenereta ya dizeli inayowashwa kila umeme unapopotea.

Upande wa pili unahusu wauzaji. Tuseme mtambo wa humu nchini umeuza vyeti vyake vyote kwa kampuni ya kigeni. Kwa kanuni za hesabu, sifa ya usafi wa umeme huo imeondoka. Kiwanda cha maua au hoteli iliyo jirani na mtambo haiwezi tena kuwaambia wateja wake kwamba inatumia umeme huo safi, hata kama moshi mweupe wa mvuke unaonekana kutoka dirishani. Kabla ya kuuza, ni vyema kupima kama bei inayotolewa inalingana na sifa inayopotea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa mhandisi, msanifu au mwekezaji aliye na mradi ng'ambo, au hapa nyumbani, kuna maswali machache yanayoweza kumwepusha na kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Je, cheti kimetoka katika nchi au gridi ambamo jengo limo? Kama sivyo, kanuni za mfumo wa alama na sheria za jiji husika zinakikubali?

Je, mtambo uliokizalisha ni mpya, au ulijengwa miongo kadhaa iliyopita na ungeendelea kufanya kazi hata bila mnunuzi?

Je, cheti kina nambari katika rejista inayotambulika, na muuzaji yuko tayari kuonyesha ithibati kwamba kimefutwa kwa jina la mnunuzi?

Je, umeme ulizalishwa mwaka ule ule jengo linapoutumia, na mkataba utadumu kwa miaka mingapi?

Je, kuna mkataba wa muda mrefu wa kununua umeme moja kwa moja kutoka kwa mtambo mpya, ambao ungeisaidia benki kukubali kutoa mkopo wa kuujenga?

La mwisho, na pengine lingefaa kutangulia: Je, jengo limepunguza matumizi yake kadiri inavyowezekana kabla ya kutafuta cheti?

Anayejibu maswali hayo kwa uaminifu anaweza kununua vyeti bila haya, na kusema bayana amenunua nini. Anayeyakwepa atapata bango la kutundika ukutani, ila mtambo wa makaa ya mawe nyuma ya kilima utaendelea kufuka moshi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jengo linalotumia kawi kidogo halihitaji maneno mengi, kwani bili yake ya umeme hulisemea.